Ibn Jubair Baharini: Mahujaji, Manahodha na Mizani ya Haki



Siku hizi safari imekuwa starehe. Mtu akipata likizo na akiba kidogo mkononi, hufunga mizigo yake akaenda kutembea nchi za watu. Wageni nao huja kwetu kutoka mbali, wakakodi majahazi Lamu, Mombasa na Unguja, wakatwekewa tanga na kuzungushwa visiwani siku mbili tatu, kisha wakarudi makwao wamefurahi. Na watu wetu wenyewe, khasa siku za Idi, huwachukua watoto wakawapakia mashuani kwenda kutembea ng'ambo. Jambo hili kwa asili yake halina ubaya. Qur'ani Tukufu imewahimiza watu mara nyingi watembee katika ardhi wapate kuzingatia, na Imam Ghazali, Allah amrehemu, ndani ya Ihyaa ameyatengea mambo ya adabu za safari kitabu kizima.

Lakini wanavyuoni wetu hawakuishia kuuliza kama safari inafaa au haifai. Waliuliza pia: mtu huyu anasafiri kwa nia gani? Amana za watu amezirudisha? Watu wa nyumbani kwake amewaachia chakula? Anafuatana na nani? Nami huongeza swali moja la kwangu, ambalo nimewauliza wanafunzi wangu mara nyingi: akirudi, atasema kweli juu ya aliyoyaona, au atawasifu wenziwe kwa kuwa ni wenziwe na kuwatukana wageni kwa kuwa ni wageni?

Ndipo nikapenda kuandika juu ya Ibn Jubair. Sisi wa pwani tumemzoea zaidi Ibn Battuta, na si ajabu, kwani alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akasali misikitini mwetu na kula chakula chetu. Lakini karibu miaka 150 kabla yake alisafiri mtu mwengine kutoka Andalusia, na kitabu chake kilikuwa na thamani kubwa hata aliyemwandikia Ibn Battuta safari zake akachota humo sifa za Makka, Madina na Dameski, mara nyingi bila ya kumtaja mwenyewe.

Jina lake ni Abul Husain Muhammad bin Ahmad bin Jubair al-Kinani. Alizaliwa Valencia mwaka 1145, yaani 540 Hijria. Alisoma dini na adabu ya lugha, akawa mtu wa mashairi na kalamu nzuri, na akaajiriwa kuwa karani wa liwali wa Granada, ambaye alikuwa mtoto wa nyumba ya wafalme wa Muwahhidun waliotawala Maghrib na Andalusia zama hizo. Al-Maqqari, mwandishi wa taarikhi aliyekuja baada ya zaidi ya miaka 400, anasimulia kuwa siku moja liwali huyo alimwita karani wake amwandikie barua, na yeye liwali yuko katika ulevi. Akampa kikombe cha tembo. Ibn Jubair akakataa, akasema hajapata kunywa maishani mwake. Liwali akaapa kwamba lazima anywe vikombe saba, na karani kwa khofu akanywa. Kisha liwali akajuta, akakijaza kikombe kile dinari za dhahabu mara saba akammwagia, na Ibn Jubair akatia nia ya kuzitumia fedha zile kwenda kuhiji ili afute dhambi ile. Ibn Jubair mwenyewe katika kitabu chake hakulitaja jambo hili hata kwa ishara. Huenda ni kweli, huenda watu walilipamba. Lililo hakika ni kwamba aliacha kazi yake, akatoka Granada tarehe 8 Shawwal mwaka 578, mwezi wa Februari 1183, pamoja na rafiki yake tabibu Ahmad bin Hassan, na kwamba alianza kuandika akiwa bado yuko baharini.

Chombo alichopanda huko Ceuta, mlango wa Maghrib, kilikuwa cha Wakristo wa Genoa. Msomaji asishangae. Zama zile vita vya msalaba vilikuwa vimepamba moto, lakini marikebu za Genoa zilikuwa ndizo zilizokwenda Iskandariya kwa wingi, na Mwislamu akitaka kuhiji alilipa nauli yake akapanda. Walipigwa na tufani kubwa karibu na kisiwa cha Sardinia, kisha baada ya siku 30 wakatia nanga Iskandariya mwishoni mwa mwezi wa Machi.

Mtu aliyekaa mwezi mzima juu ya maji, katika chombo cha watu wasio wa dini yake, akifika bandari ya Waislamu hutaraji kupumzika roho. Iskandariya wakati huo ilikuwa chini ya Sultani Salahuddin al-Ayyubi, na hakuna asiyejua sifa zake. Lakini kabla hawajashuka, makarani wa forodha walipanda chomboni, wakawaita Waislamu mmoja mmoja, wakaandika majina yao, sura zao, nchi zao, na kila walichokuwa nacho cha bidhaa na fedha, wakawataka wakitolee zaka. Hawakuuliza kama mali ile imetimiza mwaka au haikutimiza! Wengi wa watu wale walikuwa wanakwenda Hija, na hawana ila masurufu ya njiani. Kisha wakateremshwa na mizigo yao hata kwenye jumba la forodha, ambako umati ulikuwa umesongamana. Vitu vikapekuliwa, vikachanganyika vya huyu na vya yule, watu wakatiwa mikono viunoni kutafutwa kilichofichwa, na baada ya yote wakaapishwa. Vitu vingi vilipotea katika zahama ile.

Ibn Jubair alimpenda Salahuddin, na kitabu chake kimejaa dua za kumwombea. Angeweza basi kulifunika jambo hili ili asimwaibishe sultani wake mpendwa. Hakulifunika. Alisema kuwa hii ni dhulma, na kuwa bila shaka habari zake hazikumfikia Salahuddin, na lau angelijua angeliiondoa. Anayemjua sultani vizuri ataona kuwa hapa yako mapenzi na yako malalamiko, yote pamoja.

Kutoka Misri, njia ya kawaida ya mahujaji ingekuwa ni kupita jangwa la Sinai. Lakini Wafaranja walikuwa na ngome zao upande ule, na njia haikuwa salama. Kwa hivyo mahujaji walikuwa wakipanda mto Nile hata mji wa Qus, mwendo uliomchukua Ibn Jubair siku 18, kisha wakapanda ngamia kukata jangwa mpaka bandari ya Aidhab, katika pwani ya Afrika ya Bahari ya Sham, ikielekeana na Hijazi. Hata bahari hiyo haikuwa imesalimika. Mwanzo wa mwaka uleule wa 1183 mfaranja mmoja katili, Renaud de Châtillon, alikuwa amepeleka vyombo Bahari ya Sham, vikachoma majahazi na kutishia miji mitakatifu yenyewe, mpaka manowari za Salahuddin zikawakamata watu wake. Ibn Jubair aliwaona baadhi ya mateka hao wakitembezwa mjini Iskandariya juu ya ngamia, nyuso zimeelekezwa mikiani.

Aidhab haikuwa na maji wala mboga. Kila kitu kililetwa kutoka mahali pengine. Hata hivyo ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za dunia, kwa sababu vyombo vya Bara Hindi na Yaman viliteremsha pale pilipili na bidhaa nyenginezo, na kwa sababu ya mahujaji. Leo ni magofu tu ufukweni, karibu na Halaib.

Na hapa mtu wa pwani yetu akisoma kitabu hiki hushtuka, kwa maana hukuta anasomewa habari za mababu zake. Vyombo vya Aidhab viliitwa jalba. Mbao zake hazikupigwa hata msumari mmoja, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi zilizopondwa hata zikawa nyuzi, na matundu yakakalafatiwa kwa nyuzi za mtende. Kisha chombo kikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na hayo ya papa ndiyo bora. Sisi huyaita sifa, na mafundi wetu wa majahazi wanayajua kwa harufu kabla hawajayaona. Matanga yalikuwa ya mkeka, uliosukwa kwa majani ya mti ambao ni jamaa ya mkoma wetu. Huu si mtepe ni nini? Mitepe ya Pate, ya Lamu na ya Wabajuni ilishonwa hivihivi, ikatwekwa tanga la mkeka hivihivi, na ya mwisho mwisho iliendelea kuonekana hata karne ya 20.

Ibn Jubair, aliyezoea marikebu kubwa za bahari ya kwao, aliviona vyombo hivi kuwa dhaifu mno, akastaajabu vipi Mwenyezi Mungu huvisalimisha. Katika hili mimi namtetea fundi. Chombo kilichoshonwa hupinda kidogo kikigusa mwamba, hakivunjiki upesi kama kilichogongelewa, na katika bahari yenye miamba kama ile hiyo ni hekima si udhaifu. Chombo hakikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa la wenye vyombo. Anasema kwamba watu wa Aidhab walikuwa wakiwajaza mahujaji katika jalba mpaka wanakaliana wao kwa wao, kama kuku waliojazwa tunduni. Sababu yake ilikuwa ni hesabu. Mwenye chombo alitaka apate gharama yote ya chombo chake kwa safari moja tu, na baada ya hapo hajali bahari itafanya nini. Wao jukumu lao ni kutoa mbao, na roho ni za mahujaji wenyewe wazilinde. Walikuwa na msemo wao wa kusema hivyo, nao ulikuwa maarufu mjini, wakiusema bila haya. Ibn Jubair alighadhibika hata akaandika kwamba mji ule unastahiki kutiwa adabu kwa upanga, na akawausia mahujaji wa Maghrib kwamba mwenye uwezo asipite njia ile kabisa, azunguke Sham na Iraq, ingawa ni mbali.

Ndugu zangu, maneno haya yana umri wa zaidi ya miaka 840. Lakini nani katika sisi anayeweza kuyasoma kama habari za kale? Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipinduka karibu na gati ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake, wakafa 272. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria wapatao 600, na tume iliyoundwa na serikali ilieleza mwaka uliofuata kuwa ilikuwa imepakia zaidi ya 2,000. Maiti zaidi ya 200 ndizo zilizopatikana. Wengi zaidi hawakuonekana tena, na ziko nyumba ambazo mpaka leo hazina kaburi la kuzuru. Walikuwemo watu waliokuwa wakirudi kutoka kwenye sikukuu, na watoto wao, na magunia ya mchele.

Tulipokuwa vyuoni tulisomeshwa Minhaj ya Imam Nawawi, na yeyote aliyefika mlango wa dia atakumbuka kuwa mmetajwa humo vyombo viwili vinavyogongana, na chombo kinachoelekea kuzama. Hukumu ni kwamba mali itatupwa baharini ikiwa ndiyo njia ya kuokoa roho za waliomo, na ikitarajiwa kwa kuitupa watu wataokoka, basi kuitupa ni wajibu. Fiqhi imeweka roho juu ya shehena. Mwenye jalba wa Aidhab aliigeuza hukumu hii juu chini, akazifanya roho zenyewe kuwa ndizo shehena. Na alikuwa Mwislamu, na waliomo chomboni walikuwa wageni wa Mwenyezi Mungu.

Ibn Jubair alikuwa mwadilifu, kwa hivyo hakuwasema wenye vyombo akawasahau mabaharia. Walipotoka Aidhab mwezi wa Julai walichukua siku zipatazo nane kuvuka kwenda Jidda, safari ambayo upepo ukiwa mzuri huwa fupi kuliko hiyo. Walipigwa na dhoruba, wakapotea njia, wakajificha nyuma ya visiwa. Karibu na Jidda bahari ni miamba mitupu. Hapo akamwona nahodha na watu wake wakikipitisha chombo katika vichochoro vya miamba, wakikigeuza huku na huku kama mpanda farasi hodari na farasi wake mtiifu, na akawasifu sana.

Jidda nako kulikuwa na mtihani mwengine. Zamani mahujaji walikuwa wakitozwa dinari saba na nusu kila mtu, na asiyelipa aliteswa kwa namna ambazo sitaziandika hapa, kwa kuwa gazeti hili husomwa na watoto. Salahuddin, Allah amrehemu, aliiondoa kodi hiyo, na badala yake akaahidi kumpelekea amiri wa Makka dinari 2,000 na kiasi kikubwa cha ngano kila mwaka. Ngano ilipochelewa, amiri aliwazuia mahujaji mpaka wadhaminiane wao kwa wao. Yaani nyumba ya Mwenyezi Mungu iliwekwa rehani kwa gunia la ngano. Ibn Jubair aliandika hilo pia, kwa uchungu.

Alikaa Makka zaidi ya miezi minane, akahiji, akaeleza kila nguzo na kila mlango wa Msikiti Mtukufu kwa vipimo. Sehemu hiyo ni hazina, lakini si mada yetu leo. Akazuru Madina, akapita Kufa, Baghdad, ambako hakuwapenda watu kwa kiburi chao, kisha Mosul, Halab na Dameski. Dameski aliipenda kuliko miji yote, akawahimiza vijana wa Maghrib waende wakasome huko, kwani mgeni mwenye kutafuta elimu alipatiwa chakula na mahali pa kulala.

Septemba 1184 akatoka Dameski kwenda Akka, bandari iliyokuwa mikononi mwa Wafaranja, ili apate chombo cha kurudi kwao. Alistaajabu kuona misafara ya biashara ikipita baina ya Dameski na Akka ilhali Salahuddin yuko Karak ameizingira ngome. Wenye kupigana walipigana, na wafanya biashara wakapita. Katika kituo cha Tibnin, watu wa Maghrib walitozwa dinari moja na ushei kwa kichwa, ambayo wengine hawakutozwa, kwa kuwa watu wao waliwahi kupigana pamoja na Sultani Nuruddin dhidi ya Wafaranja. Nadhani Ibn Jubair aliilipa kodi ile kwa fahari kidogo.

Kisha wakafika forodhani Akka. Mbele ya mlango palikuwa na mabaraza yametandikwa mazulia, na makarani wa Kikristo wamekaa, mbele yao vidau vya wino vya mpingo vilivyotiwa dhahabu. Walikuwa wakiandika kwa Kiarabu na kukisema. Mizigo ya wafanya biashara ikateremshwa, na ya wasio wafanya biashara ikaangaliwa isije ikafichwa bidhaa ndani yake, kisha wakaachiwa waende zao. Na yote haya, anasema, yalifanywa kwa upole na adabu, pasina ukali wala kusukumana.

Ikumbuke Iskandariya, ewe msomaji, uone mtu huyu aliandika nini. Kalamu yake mwenyewe ndiyo iliyoandika kuwa forodha ya Waislamu ilimdhulumu na forodha ya maadui ikamheshimu. Hakuwapenda Wafaranja hata chembe. Kila alipotaja mji wao au mfalme wao aliomba Mungu awaangamize. Huko Akka na Sur aliwaona Waislamu mateka wakitembea na pingu miguuni, wanaume kwa wanawake, na moyo ukamchanika. Lakini alipoona haki aliiandika kuwa ni haki.

Njiani alipita vijiji vya wakulima wa Kiislamu walio chini ya Wafaranja. Walitoa nusu ya mavuno, na dinari moja na kitu kwa kichwa, na kodi ndogo ya miti, na zaidi ya hapo wakaachiwa nyumba zao na mali zao. Akasema msiba mkubwa ni huu: Mwislamu analalamika dhulma ya mwenye shamba aliye Mwislamu mwenzake, na anamshukuru adui yake kwa uadilifu. Aliogopa kuwa nyoyo za watu zitafitinika kwa jambo hilo. Mimi naona maneno haya ni miongoni mwa mazito yaliyoandikwa na msafiri yeyote wa Kiislamu, na hayakuandikwa na mtu asiye na dini, bali na mtu aliyekuwa anatoka Hija.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Alikuwa karani wa Muwahhidun, na alidai kwamba Uislamu safi hauko ila Maghrib, na masultani wa kwao hakuwapima kwa mizani ileile aliyowapimia amiri wa Makka na watu wa Baghdad. Kila mtu ana nyumba ambayo haoni uchafu wake.

Oktoba akapanda marikebu ya Genoa. Walikuwemo mahujaji wa Kikristo zaidi ya 2,000 waliotoka Baitul Muqaddas, na Waislamu wachache waliopewa sehemu yao ya peke yao. Anaeleza habari za pepo za bahari ile kama mzee wa Lamu anavyoeleza kaskazi na kusi: kwamba upepo wa mashariki wa kurudia magharibi huvuma majira mawili tu kwa mwaka, machipuko na vuli, na anayechelewa siku chache hungoja miezi. Chomboni kulikuwa kama soko. Kulikuwa na mkate, makomamanga, tini, matikiti, njugu, vitunguu, jibini na samaki, vyote vikiuzwa. Usiku mmoja Wakristo walikuwa na sikukuu yao, wakawasha mishumaa kila mmoja mkononi, chombo kizima kikang'ara juu ya maji meusi. Aliyekufa alizikwa baharini, awe Mwislamu au Mkristo, na mali yake ikachukuliwa na nahodha, kwa desturi yao.

Pepo ziliwageuka. Safari ikarefuka, chakula kikapungua, na mwezi wa Ramadhani wa mwaka 580 ukawakuta karibu na mlango bahari wa Messina, baina ya Italia na Sisilia. Usiku wa manane upepo ukawatupa ufukweni. Usukani ukavunjika, nanga hazikushika, mawimbi yakakipiga chombo huku wanawake na watoto wakilia, na Waislamu na Wakristo wote wakajitayarisha kwa mauti. Kulipopambazuka zikaja mashua kutoka mjini. Lakini wenye mashua walitaka kiasi kikubwa ili wamteremshe mtu, na masikini wa Kiislamu hawakuwa na kitu, wakabaki wanachungulia tu kutoka juu ya marikebu.

Mfalme wa Sisilia, William wa Pili, Mkristo aliyejua kusoma na kuandika Kiarabu, alikuwa Messina akiangalia manowari zake zinavyoundwa. Alitoka mwenyewe kuja kutazama. Alipowaona masikini wale akauliza habari zao, akaamrisha watolewe robai 100 za sarafu yake, wateremshwe. Wakateremka salama, kisha bahari ikaivunja marikebu. Ibn Jubair anasema kuwa lau si mfalme kuwapo pale, mali za Waislamu zingeporwa na wao wenyewe huenda wangetiwa utumwani, kwani ndiyo ilivyokuwa desturi. Ndiyo ilivyoandikwa: mwenye jalba aliyewajaza mahujaji kama kuku alikuwa ndugu katika dini, na aliyewalipia nauli ya kuokolewa alikuwa mfalme wa Wafaranja.

Kwa sababu ya manowari hizo vyombo vilizuiwa kuondoka, na Ibn Jubair akakaa Sisilia miezi kadhaa. Palermo kulikuwa na misikiti na masoko ya Waislamu, lakini Ijumaa haikusaliwa, kwa kuwa khutba ilikatazwa, isipokuwa siku za Idi. Watumishi wengi wa nyumba ya mfalme walikuwa Waislamu wanaoficha dini yao. Huko Trapani aliona watu wakienda kwenye sala ya Idi kwa ngoma na mabaragumu, akashangaa Wakristo wanawavumilia. Nadhani angefika Lamu siku ya maulidi angeshangaa zaidi! Lakini chini ya furaha ile mlikuwa na kilio. Mtu mmoja mwenye jaha mjini alimtuma mwanawe kwa mmoja wa mahujaji, kumwomba amchukue binti yake mdogo, amwoe au amwoze, amtoe tu katika nchi ile asije akatolewa katika dini. Baba alikuwa tayari asimwone tena mtoto wake. Waislamu wa Sisilia waliomwona mgeni huyu hawakujua yatakayowapata wajukuu wao. Katika miaka ya 1220 mfalme Frederick wa Pili alianza kuwahamisha kwa nguvu kuwapeleka Lucera, Italia ya bara, na mwaka 1300 mji huo nao ukavunjwa na watu wake wakauzwa.

Ibn Jubair aliondoka Sisilia Machi 1185, akafika Granada tarehe 25 Aprili, baada ya zaidi ya miaka miwili. Alipopata habari kuwa Salahuddin ameikomboa Baitul Muqaddas mwaka 1187, hakuweza kukaa. Akasafiri tena mwaka 1189, akarudi mwaka 1191, lakini safari hiyo hakuiandikia kitabu. Kitabu cha safari yake ya kwanza kimetufikia kwa nakala ya mkono iliyohifadhiwa Leiden, Uholanzi, ikapigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1852 na mwanachuoni wa Kiingereza William Wright.

Mara ya tatu aliondoka akiwa mzee, baada ya kufiwa na mkewe. Alifika Misri, akakaa Iskandariya akisomesha Hadithi, na hapo ndipo alipofia mwezi wa Shaaban mwaka 614, Novemba 1217, katika bandari ileile ambayo miaka 34 nyuma makarani wake walimpekua viunoni alipokuwa akienda Hija.